Kadi Aliyoisahihisha Nathanaeli

Kama kuna mtu wa Gare, milimani Usambara, ambaye ungemkabidhi mali ya umma ukalala usingizi, mtu huyo alikuwa Nathanaeli Shemdoe. Hakunywa, hakuchelewa, na uchafu hakuuvumilia hata chembe. Ndiyo maana mwaka 1972, kituo kidogo cha utafiti kilipofunguliwa Lushoto, ufunguo ulipewa yeye.

Kituo chenyewe hakikuwa na kompyuta. Kompyuta zilikuwa Dar es Salaam, za kuhesabika, na saa zake ziligombaniwa. Kilicholetwa Lushoto ni programu: yale maagizo ambayo mafundi wa mashirika ya umma waliyaandika ili mashine ijue la kufanya, yakatobolewa kwenye kadi ngumu na kuchapwa kwenye karatasi ndefu. Zilichaguliwa thelathini na moja kwa makini, ya dawa, ya nafasi za shule, ya mbegu za vijiji vya Ujamaa, zikapandishwa milimani kwa sababu karatasi hazipendi joto la pwani. Watafiti walikuja kuzisoma kwa macho na penseli, wajue mafundi wetu wanafikirije na makosa huingilia wapi. Nchi iliyojitawala haikutaka kubaki kubonyeza vitufe vya wenzake. Sharti lilikuwa moja, limebandikwa ukutani: kila programu itunzwe kama ilivyotumika.

Nathanaeli alikuwa ametoboa kadi Dar es Salaam miaka sita, kwa hiyo alizisoma kama wengine wasomavyo barua. Siku moja, akinakili programu ya mbegu, aliona namba ya kijiji inasomwa kwa tarakimu tatu tu. Na mwaka ule kijiji kipya juu ya Bumbuli kilikuwa kimeandikishwa kuwa cha elfu moja kwenye mgao wa mbegu, wenyewe wakacheza ngoma siku mbili kwa fahari. Mashine ingekisoma 100, na mbegu zake zingekwenda kwa wengine.

Mwandishi wa programu ile alikuwa Fanueli, shemeji yake, aliyesoma naye dawati moja. Fanueli alipokuja likizo, Nathanaeli alimweleza jikoni.

"Mgosi, ndugu yangu, umeniua," Fanueli alisema, mikono kichwani. "Wasomi wakiliona hili, watanicheka mpaka nistaafu."

"Waone nini? Nimetoboa kadi nyingine."

"Na ile ya zamani?"

"Imechemsha hiyo chai unayokunywa."

Fanueli alicheka mpaka akapaliwa. Aliporudi kazini akarekebisha na kadi za ofisini kwake, kimya kimya, kwa ajili ya msimu uliofuata; mbegu za msimu ule zilikuwa zimeshagawanywa.

Ukitaka kumlaumu Nathanaeli, kumbuka alikolelewa. Milimani kwetu mgeni hapikiwi maharage yenye wadudu. Mama hukaa na ungo, akatoa mabovu moja moja, na hakuna anayemwuliza aliyatupa wapi. Nathanaeli alikulia kando ya ungo ule. Kwake kutunza kitu na kukisafisha lilikuwa jambo moja, na kuacha aibu ya ndugu yako wazi ni kukosa adabu. Baada ya kadi ya Fanueli alisahihisha nyingine, na nyingine. Hakuandika popote.

Mwaka uliofuata alikuja Saidi, kijana wa Chuo Kikuu, mwenye swali moja. Mbegu za viazi za kijiji cha elfu moja hazikuonekana msimu uliopita. Kosa lilikuwa la mashine au la watu? Alisoma programu ya mbegu wiki tatu, mstari kwa mstari.

"Ndugu Nathanaeli, hii ni safi kama maziwa," alisema. Kisha akampa ripoti aipige taipu.

Nathanaeli aliipiga mwenyewe, kwa vidole vyake: programu haina kosa, mbegu zimepotelea mikononi mwa watu. Alijua hapo hapo kwamba kadi yake ndiyo iliyompotosha Saidi. Alimfikiria Fanueli, akaufikiria ufunguo mfukoni mwake, akajiambia kwamba ripoti nyingi huishia kabatini. Akaitia kwenye bahasha.

Hii haikuishia kabatini. Haikupita miezi miwili, mwenyekiti wa kijiji kile, Mzee Yohane, akavuliwa uongozi mbele ya mkutano, na watu wakaanza kumwita Baba Viazi.

Jina hilo Nathanaeli alilisikia gulioni, likifuatwa na kicheko. Jumatatu alimweleza Saidi, aliyekuwa bado kituoni akisoma programu nyingine, kila kitu. Saidi akauliza, "Mangapi mengine umeyasafisha?"

"Sikumbuki yote."

"Hukumbuki!" Saidi alipiga meza. "Nilidhani naisoma nchi yangu. Kumbe nilikuwa nasoma mkono wako!"

Waliandika barua. Kijiji namba 100, mbali huko kusini, kilijibu kwamba kilipokea mbegu zake, ahsante. Fanueli alijibu kwamba programu yake haijapata kuwa na kosa, na ushahidi upo Lushoto.

Basi wakapanda wenyewe mpaka kijijini. Nathanaeli alisimama mbele ya mkutano, akaeleza tarakimu tatu, kadi, na jiko.

"Iko wapi hiyo kadi?" mwanamume mmoja aliuliza.

"Niliichoma."

"Ahaa! Jana karatasi imesema mzee ni mwizi, leo mwenye karatasi anasema si mwizi. Kesho utatuambia viazi viliota miguu?"

"Mwacheni," mama mmoja alidakia, "huenda naye alionjeshwa!"

Wakacheka. Saidi alijaribu kusema, hakusikilizwa. Ripoti ilikuwa na jina lake. Mwenyekiti mpya akafunga mkutano kabla hakujaamuliwa lolote, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja.

Mzee Yohane alikuwa amekaa nyuma kabisa, peke yake kwenye benchi la watu wanne. Nathanaeli alimwendea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nisamehe, baba yangu. Nimesema kweli tupu."

"Najua ni kweli, mwanangu. Mimi nilijua tangu mwanzo kwamba sikuiba." Mzee alinyoosha fimbo kuelekea njiani, ambako watu walikuwa wanatawanyika wakijifunika magunia. "Wa kuamini ni wale."

Nathanaeli aligeuka, akateremka mbio kuwafuata. Alimfikia wa kwanza, akamshika mkono, akaanza upya: tarakimu tatu, kadi, jiko. Mtu yule alisikiliza kwa adabu hatua kama kumi hivi, kisha akautoa mkono wake na kuendelea na njia. Akamkimbilia wa pili.