Sauti Iliyoingia Sehemu ya Tano

Admin, nakuomba unifichie jina, na nyie mtakaonitukana kwenye komenti someni kwanza mpaka mwisho. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mzaliwa wa Tanga, naishi Mayfair hapa Johannesburg na mume wangu, mwaka wa saba sasa. Yeye anafanya kazi kwenye ghala Midrand, mimi nashona nguo nyumbani. Tuna mtoto mmoja, Nasri. Ndoa yetu haina kipigo wala matusi. Ina ukimya tu, na ukimya jamani unachosha kuliko hata ugomvi.

Mwaka jana mteja wangu wa Hillbrow alinikutanisha na kaka mmoja anayetafsiri tamthilia za nje kwa Kiswahili. Mnawajua hawa, sauti ya mtu mmoja inaongea juu ya picha, yeye ndiye baba, ndiye mama, ndiye bibi kizee. Anaweka kwenye flashi, Waswahili wa hapa wananunua. Alikuwa ameanza tamthilia mpya, wateja wanalalamika kwamba mwanzo umepooza, na ile sauti anayomwekea mke inachekesha hata pale mke anapolia. Akataka mwanamke. Nikasema nitajaribu siku moja. Nikaenda miezi minne.

Mume wangu nilimwambia napeleka magauni kwa wateja. Ukweli ni kwamba asubuhi mbili kila wiki nilikuwa nimejifungia chumbani na mwanamume wa watu, mablanketi yametundikwa ukutani, mlango umefungwa ili honi za teksi zisiingie kwenye maiki. Wallahi hakunigusa, na wala sikutaka. Nilichopenda ni kusikilizwa. Lakini mume wangu aliwahi kuniapia, tena bila kupandisha sauti, kwamba siku akisikia nimekaa faragha na mwanamume asiye maharimu wangu, nitakuta begi langu mlangoni. Namjua, hatanii.

Sasa kosa lenyewe. Sehemu ya tano, ndiyo ninayoanzia mimi, yule mke anamkabili mumewe na kumwambia yaliyomjaa moyoni. Maneno yao ya asili yalikuwa machache, picha ndefu. Mtafsiri akaniambia, "Dada, jazia hapo, usiache kimya." Nikajazia. Nikasema: "Mimi kwako nimekuwa 'we, chai', 'we, shati langu'. Nilipougua ulinunua dawa, ukaiweka mezani, ukaondoka. Mimi nilitaka uniulize tu, unaumwa wapi." Hayo hayamo kwenye tamthilia. Ni ya nyumbani kwangu, neno kwa neno, na kilio kilikuwa cha kweli. Yule kaka akavua spika za masikioni, akasema, "Eish, dada, hii hatuikati." Watu wakaipenda balaa. Ikawa kila anayeuza anasema, vumilia nne za mwanzo, ya tano ndiyo inaanza.

Sikuogopa, maana mume wangu tamthilia anaziita upuuzi wa wanawake. Mpaka wiki mbili zilizopita, mzigo ulipomwangukia mguuni kazini akapewa mapumziko. Rafiki yake Mkongo akamletea flashi ya kupotezea muda. Nilipousikia ule muziki wa mwanzo kutoka sebuleni nilijichoma sindano.

Ya kwanza aliizima katikati. "Hawa watu wanakunywa kahawa nusu saa nzima," akalalamika. Nikachangamka kuliko ilivyohitajika: "Zima, baba Nasri, itakuumiza kichwa bure." Nikajua nimepona. Jioni yake rafiki akapiga, simu iko kwenye spika, nikasikia yote nikiwa jikoni.

"Usichoke, yangu! Ile ine ya kwanza ni ya bule kabisa. Ya tano njo utaona. Kuko mwanamuke analia mule, mie nilipigia mama ya batoto simu Lubumbashi palepale."

Kesho yake akaiwasha tena. Sehemu moja kila siku, baada ya Alasiri. Jamani, mimi nimeomba umeme ukatike, mimi ambaye cherehani yangu ni ya umeme! Flashi nimeishika mara mbili nikitaka kuitupa, lakini najua rafiki yake atamletea nyingine siku hiyohiyo. Na kinachonitesa zaidi ni kwamba mume wangu amebadilika. Ananiita ili anionyeshe kitu. Anamgombeza mama mkwe kwenye televisheni, kisha ananigeukia aone kama nimecheka. Nacheka, kisha narudi kwenye cherehani.

Leo amemaliza ya nne. Akauburuta mguu wake mbovu kunipisha kwenye kochi, akasema, "Kaa. Ya tano sitaigusa peke yangu. Kesho nikitoka swala ya Ijumaa tutaiangalia wote."

Nikamwambia nina gauni la mteja.

"Gauni litasubiri. Lakini huyu mume wa kwenye tamthilia naye mjinga. Mke ana jambo tangu sehemu ya kwanza, hamwoni?"

Nilikwenda jikoni nikafungulia bomba, asinisikie ninavyohema.

Ndugu zangu, akisikia ile sauti ataijua kabla sijamaliza neno la kwanza. Atajua nilikuwa wapi zile asubuhi, atajua nilikuwa na nani, na atajua kwamba shida za nyumbani kwake zimesikilizwa na watu kuanzia Hillbrow mpaka Lubumbashi. Kumwambia mwenyewe kabla hajawasha nahisi ndiyo heshima, ila nikimwambia ataichomoa flashi, na kile nilichokisema hatakisikia maisha yake yote. Mimi sina ujasiri wa kukirudia usoni pake. Namwogopa, nalia hapa naandika, na bado nataka akisikie.

Wake kwa waume, nimtangulie au nikae pembeni yake ninyamaze? Naomba mnijibu leo. Kesho saa nane mchana atakuwa ameshika rimoti.