Pilipili ya Mama Ilikuwa Kali Kiasi Gani?

Enzi zetu pilipili haikutoka kwenye chupa yenye picha ya joka linalotema moto. Ilitoka juu ya paa. Ninyi mliokulia kwenye nyumba za tembe kule Mvumi na vijiji vya jirani mnanielewa: paa la udongo, bapa, ambalo mtoto alitumwa kupanda aanike mlenda, kunde, na zile pilipili kichaa ndogo, nyekundu, zinazolala kwenye ungo kana kwamba hazina kosa. Ukishuka, usijiguse macho. Kila mwaka tuliambiwa, na kila mwaka tulijigusa macho.

Zikishakauka, Mama alizikaanga juu ya kigae cha chungu kilichovunjika. Hapo nyumba nzima ilipiga chafya. Kuku walitimka. Baba alitoka nje akilalamika kwamba huyu mwanamke ana nia ya kumuua, lakini hakwenda mbali, alisimama palepale mlangoni asije akakosa harufu. Kisha ikaja zamu ya jiwe kubwa na jiwe dogo, chumvi ya kubana vidoleni, na unga wa ubuyu uliolowekwa mpaka ukawa mzito, ili ulete uchachu, maana ndimu kwetu ilikuwa kitu cha kumpelekea mgonjwa. Mama alisaga akiwa amepiga magoti. Alionja kwa ncha ya ulimi, akawaza, halafu akaongeza pilipili nyingine au akaacha. Kuwaza kule nilikuona mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na wala sikuwahi kumuuliza anawaza nini.

Siku hizi, loh! Binti yangu Neema yuko chuo kikuu hapa Dodoma. Ana rafiki zake wanaokuja nyumbani kushindana kula pilipili ya chupa huku wakijirekodi kwa simu. Anayetokwa na machozi wa kwanza ameshindwa. Wanapiga makelele, wanapepea ndimi, wanakimbilia friji kunywa maziwa. Nikiwaambia sisi tulitokwa na machozi kila jioni na hakuna aliyekuja kuturekodi, wanacheka na kuniambia, "Mama na enzi zako!" Haya, enzi zangu. Ila mwaka huu enzi zangu zenyewe zimenichanganya kichwa, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Ilianza hivi. Miezi michache iliyopita kaka yangu Yona, ambaye anavua samaki bwawa la Mtera, alimleta Mama kwangu hapa Mkonze. Kijijini alikuwa amebaki peke yake, magoti yanamsumbua, na majirani walikuwa wakisema moshi wa jikoni kwake hauonekani kila siku. Kwangu ana chumba, ana kitanda, ana wajukuu wa kumpa shikamoo asubuhi na kumchokoza mchana. Lakini akawa hali. Anakula matonge matatu, manne, kisha anavuta bakuli la maji na kunawa. "Nimeshiba, mwanangu." Umeshiba nini, Mama? "Nimeshiba." Nguo zikaanza kumpwaya. Nikampeleka hospitali, wakapima damu, wakapima presha, wakakuta yuko sawa kuliko mimi niliyempeleka. Daktari akasema huyu bibi hana ugonjwa, anatakiwa ale tu, na akiendelea hivi ataanguka kitandani na kumwinua itakuwa kazi. Naandika kwa utani, jamani, lakini niliogopa. Baba tulishamzika. Mama ndiye tuliyebaki naye.

Nikajiambia, dawa naijua. Huyu amekosa ladha ya kwake. Nikaenda sokoni, nikarudi na pilipili kichaa na ubuyu. Jiwe la kusagia sina, nikatumia kinu kidogo, blenda nikaikataa kabisa. Nikaweka pilipili za kujaa kiganja, kwa sababu ile ninayoikumbuka mimi ilikuwa kali, kali ya kuziba masikio. Nikasonga ugali wa uwele, nikapika mlenda wa karanga, nikaweka na kibakuli cha pilipili katikati. Mama akachovya, akaonja. Akatazama sufuria ya mlenda. Akawatazama wanangu, mmoja mmoja. Akala matonge mawili, akanawa.

Nikasema imepooza. Kesho yake nikaongeza. Keshokutwa nikaongeza tena, mpaka mume wangu akachukua sahani yake akaenda kula barazani, anasema hewa ya humu ndani inawasha. Mama akala tonge moja na nusu. Kila nilivyozidisha ukali, ndivyo alivyozidi kupunguza kula, na mimi kwa akili zangu nikaona basi bado sijaifikia ile yake.

Nikampigia dada yetu mkubwa, Eliza, ambaye ameolewa Morogoro. Nikamuuliza, hivi pilipili ya Mama ilikuwa kali kiasi gani?

"Kali?" akasema. "We mtoto unaumwa. Ile ilikuwa harufu tu. Mimi nilikuwa nachovya kidole nailamba, hata meno ya mbele sina."

Nikampigia Yona. Upepo wa bwawani unavuma kwenye simu, na yeye anapiga kelele juu ya upepo.

"Eliza asikudanganye! Ile pilipili ilikutoa jasho mpaka nyuma ya magoti. Mimi nilikuwa nakunywa maji, nakunywa maji, naenda kulala tumbo kama ngoma. Weka nyingi!"

Sasa hapo umwamini nani? Watoto watatu wa tumbo moja, jiwe moja, mama mmoja, na kila mtu ana pilipili yake. Na mimi nikijichunguza vizuri, nakumbuka zote mbili. Nakumbuka jioni nyingi za moto, na nakumbuka jioni chache za harufu tu. Kuna moja ambayo mpaka mwaka huu ilikuwa inaniuma bila kujua kwa nini inaniuma.

Nilikuwa darasa la nne. Mnakumbuka shule ya wakati ule: kidumu cha maji mkono huu, ufagio mkono huu, na maji yenyewe umeyachimba korongoni kwenye mchanga alfajiri. Wakati wa mapumziko wasichana tulicheza mdako nyuma ya darasa, na mdako hauchezwi bila majigambo. Huyu baba yake ana baiskeli. Yule shangazi yake anakaa Dar es Salaam. Mimi baiskeli hatuna, shangazi wa mjini hatuna, hata ng'ombe wetu walikuwa wamekwisha kwa ukame. Nikatafuta cha kujigambia nikakipata. Nikasema, "Pilipili ya kwetu nyie hamuiwezi! Jana tumechovya kidogo tu, tumemaliza mtungi mzima wa maji!" Wasichana wakashangilia. Sechelela, niliyekaa naye dawati moja, hakushangilia. Alinitazama tu.

Jioni ile mama yake Sechelela akaja kwetu na ungo umefunikwa kanga. Ndani yake mtama, umejaa. Hakukaa. Mama akaupokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akashukuru, akamsindikiza mpaka njiani akitabasamu. Aliporudi akanishika paja akanifinya mpaka nikaona nyota mchana. "Nani kakutuma ukatangaze ya nyumbani kwangu shuleni?" Nimetangaza nini tena? Mimi si nimemsifu! Nikalia kwa uchungu wa kuonewa. Usiku ule tukala ugali mkubwa, na pilipili iliyokuja haikuwasha hata kidogo. Nikajua na hiyo ni adhabu yangu: amenikomoa, ameninyima ukali niliouringia. Nimekua na kinyongo hicho, nimezaa nacho, wala sikuwahi kukisema.

Turudi Mkonze. Jumamosi moja asubuhi niko jikoni nakaanga pilipili viganja viwili, machozi yananitoka, napiga chafya mfululizo. Mama akaingia na mkongojo wake taratibu, akakaa kwenye kigoda. Akanitazama muda mrefu.

"Mwanangu, mumeo kafukuzwa kazi?"

Nikaacha mwiko. "Hapana, Mama. Nani kasema?"

"Basi anakunywa."

"Mama! Yule hata soda inampa kiungulia."

"Usinifiche. Mimi ndiye niliyekuzaa. Mna shida ndani ya nyumba hii, na mimi nimekuja kuwaongezea mdomo. Mpigie Yona anirudishe. Hawa watoto bado wanakua, mimi nimeshakula vya kutosha duniani."

Nikachanganyikiwa kabisa. Nikamwuliza shida gani anayoiona, mbona chakula kipo kila siku mezani.

"Unanipa pilipili ya njaa kila siku, halafu unaniuliza shida gani? Ile naijua. Nimeisaga mimi."

Akanieleza polepole, kama anayemfundisha mtoto kuchambua mchele, na akanishangaa kwamba sikujua. Mavuno yakiwa mazuri, unaweka pilipili moja, ya harufu, watu wachote mboga wanavyotaka. Mboga ikipungua, unaongeza mbili, tatu. Kihenge cha nafaka kikibaki vumbi, unaweka mpaka mtu hawezi kuchovya mara mbili. Mtoto anagusa kidogo, anakimbilia maji, anakunywa, tumbo linajaa, analala. Mboga inafika mpaka kesho. "Eliza amekua ng'ombe wapo," akasema. "Nyie wawili..." Akapangusa goti lake kana kwamba lina unga. "Nyie mlikunywa maji sana."

Ndiyo kusema mama yake Sechelela alielewa siku ileile, mtoto wake alipomsimulia majigambo yangu. Wanawake wote wa kijiji wangeelewa. Aliyekuwa haelewi ni mimi niliyekuwa nakula. Nilisimama mbele ya wasichana wenzangu nikatangaza kwa sauti kwamba kwetu tunalala njaa, nikashangiliwa, na mama yangu akapokea mtama wa kusaidiwa kwa sababu ya mdomo wangu. Nilikaa chini sakafuni, na pilipili zikaungua.

Sasa hebu niambieni, wenzangu wa rika langu, nifanye nini na hizi kumbukumbu? Miaka yote hii nimewaimbia wanangu kwamba chakula cha zamani kilikuwa na ladha. Nikila hotelini nasema hawa hawajui pilipili. Nimeitamani ile ya moto, ya jioni za maji mengi, nikaiita utamu wa nyumbani. Kumbe niliyokuwa naitamani ni miaka mibaya. Na hata nikijua hivyo hamu haiishi! Bado nikisikia chafya ya pilipili nataka kuwa mtoto pale mlangoni. Neema na wenzake wanakula moto wakicheka, kwa sababu wakiungua kuna maziwa kwenye friji, na wakimaliza kuna chakula. Nilizoea kuwaona wamedeka. Sasa nawatazama sijui niwaonee huruma, au niwaonee wivu, au nimshukuru Mungu ninyamaze. Siku nyingine nafanya yote matatu kabla ya chai.

Siku ile nilimshika Mama mkono nikampeleka stoo, nyuma ya nyumba. Alikuwa hajawahi kuifungua, kwa sababu kwetu mwanamke hachungulii akiba ya mwanamke mwenzake, hata kama ni binti yake. Alichokuwa anakiona ni kile kindoo kidogo cha unga jikoni, maana mjini tunasagisha kidogokidogo wadudu wasiingie. Nikamfungulia magunia. Mahindi haya, uwele huu, karanga hizi. Akaingiza mkono kwenye uwele mpaka kiwiko kikazama. Akaukaza humo ndani. Kisha akautoa, akaupangusa kwenye kanga.

"Wa kwenu wenyewe? Hamjaazima?"

"Wetu, Mama."

"Basi mimi nimekonda bure," akasema, na akacheka mpaka akashika mlango.

Mchana nilisaga upya. Pilipili moja, mbele yake, kwa amri yake. Tukakaa kula wote, hata mume wangu alirudi kutoka barazani. Kibakuli kikazunguka, kinanukia tu. Wanangu wakachota mlenda wakarudia, na Mama alikuwa anawatazama wanavyochota. Alikula tonge, akala jingine, nami nahesabu kimoyomoyo, matano, sita, saba. Akafika mwisho wa bakuli lake. Nikamwona mkono unasita juu ya maji ya kunawa. Halafu akalisukuma bakuli kuelekea kwangu.

"Niongezee mboga," akasema.

Nina miaka hamsini na mbili, na sikuwa nimewahi kumsikia mama yangu akisema hivyo.