Homa Iliyonifuata Kila Klabu

Kabla ya kuugua nilikuwa beki wa kati. Nilianzia uwanja wa shule pale kwetu Maretadu, Mbulu, nikasajiliwa Dar es Salaam, kisha nikacheza Kenya, Zambia na Oman. Sikuwa na kazi nyingine.

Kila msimu ulipoisha nilirudi nyumbani. Mama aliniona nimekonda, akanijazia kibuyu cha maziwa yaliyotoka kukamuliwa. "Kunywa, mwanangu. Hayo ya pakiti ya huko yamekufa." Kwetu tuliamini kuchemsha kunaua nguvu ya maziwa.

Homa ilianza nikiwa Kenya. Jioni ilipanda, nikaloanisha shuka kwa jasho, asubuhi nikaamka mzima. Hospitali walipima malaria, hawakuiona. Mwenzangu wa chumbani alinicheka: "Wewe ni beki ama mgonjwa wa kulazwa?" Zambia mgongo ulikaza. Daktari wa timu alisema ni misuli, akawa ananichoma sindano ya maumivu kabla ya mechi. Kila nilipotoka likizo nilikuwa na hali mbaya zaidi. Oman korodani moja ilivimba, nikashindwa hata kuinama kufunga viatu. Klabu ikavunja mkataba.

Nilirudi Mbulu nikitembelea fimbo. Mke wangu, Paulina, alinipeleka hospitali. Daktari hakuanza na mgongo.

"Nyumbani mna ng'ombe?"

"Wapo."

"Kuna aliyetupa mimba?"

"Wawili."

"Maziwa mnachemsha?"

"Hapana."

"Basi kaka, umezunguka nchi zote hizo na ugonjwa wa ng'ombe wenu."

Kipimo cha damu kilithibitisha: brusela, inayopita kwenye maziwa mabichi. Dawa zilikuwa za wiki sita, na zilinichafua tumbo vibaya. Homa ilipokata nilitaka kuziacha. Paulina akasema, "Acha. Ila mimi sikushikilii tena kwenda chooni." Nikameza.

Kumweleza mama kulinichosha kuliko vidonge. "Kumbe nilikuwa nakulisha ugonjwa?" aliuliza, akafunika uso kwa khanga. Nilikaa naye tu.

Sasa natembea bila fimbo. Mgongo umebaki mgumu, na mpira umekwisha. Namshukuru Mungu, yule daktari na Paulina.

Wewe ambaye homa yako inakuja na kuondoka, mweleze daktari habari za ng'ombe wenu hata asipouliza. Maliza dawa. Na maziwa yachemke kwanza, hata kama anayekupa ni mama yako.