Maji Hadi Kwenye Kibonyeo

Sufuria kubwa la akina mama wa kanisa letu pale Ngonga limebonyea upande mmoja, chini kidogo ya mdomo. Wanasema lilianguka kutoka kwenye bajaji siku liliponunuliwa, likabonyea kabla halijapika chochote. Mama yangu ndiye aliyekifanya kile kibonyeo kuwa kipimo. Jaza maji mpaka yakiguse, tia pakiti moja ya majani ya chai, tangawizi iliyopondwa na mchaichai wa kujaza mkono, na utapata chai ya rangi ya kunywesha msiba bila mtu kuguna.

Na misiba ya kwetu ina watu. Mtu akifariki, wanawake wanaingia na mikungu ya ndizi kichwani, wengine na kuni, wengine na mchele, na wanakaa hapo mpaka mambo yaishe. Asubuhi kuna baridi ya umande, watu wamelala kwenye mikeka, wamechoka kulia, na kitu cha kwanza wanachokitafuta kwa macho ni moshi wa jiko la chai. Mama hakuchaguliwa na mtu yeyote kuwa mpika chai. Alianza tu, mimi nikiwa mdogo, na baadaye ikawa akichelewa watu wanauliza alipo. Alikuwa na upawa wake mwenyewe wa mti, wenye mpini mrefu, anaotoka nao nyumbani na kurudi nao nyumbani.

Mwaka jana, mvua zilipoanza kupungua, chai yake ilipauka. Ulikuwa msiba wa jirani. Mzee mmoja, ambaye hajawahi kunyamazia kitu maishani mwake, aliinua kikombe akakitazama, akasema leo tumeletewa maji ya kuogea. Watu wakacheka, na mama akacheka nao. Msiba uliofuata alichemsha kwa muda mrefu zaidi, akasogeza kuni, akaonja, akachemsha tena. Ikatoka vilevile, rangi ya majani makavu. Safari hii hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya kuliko maneno ya yule mzee.

Msiba wa tatu alikuta wanawake wawili vijana wamesimama kwenye sufuria. Mwenyekiti wa akina mama alimpokea vizuri sana, akapiga goti kidogo kama inavyopasa.

“Mugonile, mama,” alimsalimia kwa lugha ya kwetu. “Leo kaa huku kivulini utusaidie kumenya ndizi. Chai wataiangalia hawa.”

Kumenya ndizi si kazi ya aibu, kila mtu anamenya. Lakini mama aliketi pale na kisu mkononi akaona vijana wale wakijaza maji hadi kwenye kibonyeo chake, kisha wakatia pakiti mbili za majani kwa sababu hawakujua kipimo. Chai ikatoka nyekundu, nzito, ya kupendeza. Wote wakanywa, na wote wakaelewa kwamba tatizo halikuwa sufuria wala kuni. Mama pia akaelewa hivyo, ingawa aliziona pakiti mbili, maana kwake moja ilitosha miaka yote.

Nieleze hapa alichokuwa akikiogopa, maana hakuwahi kuogopa kusemwa. Bibi yangu, mama yake, alimaliza maisha yake akiwa hamjui mtu. Alianza na mambo madogo ya jikoni. Chumvi aliitia mara mbili, au hakuitia kabisa. Mwishoni mama alikuwa akimlisha uji kwa kijiko, na bibi akimtazama kwa adabu na kumuuliza, wewe binti ni wa nyumba ya nani. Mama alimjibu kila siku bila kuchoka. Nilikuwa naenda nyuma ya nyumba ili nisisikie.

Kwa hiyo chai ilipopauka, mama alidhani zamu yake imefika. Hakutuambia. Alichofanya ni kunitembeza kwenye shamba la kakao na kunionyesha mipaka ambayo naifahamu tangu utotoni, mti huu wetu, ule wa baba yako mdogo. Jioni nilimsikia barazani akitaja majina ya wajukuu wake wote kwa mpangilio, mkubwa mpaka mdogo, polepole kama mtoto anayejifunza kuhesabu. Akikosea wawili, ananyamaza kabisa. Halafu siku moja nikiwa naondoka alinipa upawa, umefungwa kwenye kipande cha kanga.

“Kaa nao wewe,” alisema. “Mimi nimeshapika vya kutosha.”

Niliupokea, na ndani ya bajaji nililia. Dereva alinitazama kwenye kioo, akazima redio.

Kazi yangu ni kupima kakao. Msimu ukifika nakaa kwenye mizani ya chama cha ushirika tangu asubuhi, magunia yanapita mbele yangu, na nagombana na wakulima wenzangu kwa sababu ya gramu. Nasema hili ili ieleweke kwamba kama kuna mtu aliyepaswa kuiangalia ile pakiti mapema, yuko hapa anaandika. Lakini nani anapima majani ya chai? Pakiti ni pakiti. Tulikuwa tunaijua kwa picha yake ya kikombe kinachofuka mvuke, na picha haikubadilika.

Siri iligundulika kwa sababu ya maboga. Nilikwenda kumsaidia kupanda, naye akanituma jikoni nilete mbegu. Mama hatupi kitu. Mbegu zake za maboga zilikuwa kwenye pakiti kuukuu ya majani ya chai, juu ya kabati, na kando yake kulikuwa na pakiti mpya ambayo haijafunguliwa. Ukiziangalia kwa mbele ni mapacha. Nilipoichukua ile ya mbegu, mkono wangu ukaiona ni nene. Nikazigeuza zote mbili ubavu, na mapacha wakaachana hapo. Ile mpya ilikuwa imekonda. Nikatafuta maandishi, nikayapata chini kabisa karibu na mkunjo, madogo kama mayai ya sisimizi. Ya zamani iliandikwa gramu mia mbili na hamsini. Mpya, gramu mia mbili.

Nilimwita mama. Alikuja na udongo mikononi, akaniambia nimwekee miwani usoni, akasoma mwenyewe, kwanza mpya, kisha ya zamani, kisha mpya tena. Nilidhani atafurahi au atakasirika. Aliketi kwenye kigoda.

“Kwa hiyo ni majani,” alisema.

“Ni majani, mama. Siyo wewe.”

“Nilidhani nimeanza kama mama yangu.”

Akaweka mikono yake michafu mapajani, na machozi yakamtoka bila sauti. Nilikaa chini karibu naye. Mbegu za maboga tulizipanda kesho yake.

Hasira niliibeba mimi. Tulipokwenda Kyela mjini nilimpeleka mpaka kwenye duka tunalonunua siku zote, la mzee mmoja Mwislamu ambaye ukoo wake ulitoka pwani, na ambaye mama anamwita kaka. Niliziweka zile pakiti mbili juu ya meza yake bila kusalimia vizuri. Yeye akanipita kama sipo.

“Karibu dada yangu,” alimwambia mama. “Habari za Ngonga? Mpunga umeamkaje?”

Walimaliza mpunga, wakamaliza maji yaliyoingia mashambani, wakamaliza magoti yake yeye, ndipo akazitazama pakiti. Alivaa miwani. Alikuwa hajui kabisa, na niliona kwamba kweli hajui.

“Mimi nafungua katoni, natoa pakiti,” alisema. “Idadi ni ileile, bei ni ileile. Sijawahi kuisoma.”

“Si wametuibia hawa?” nikamuuliza.

“Wameandika, mwanangu. Hii hapa. Utawashika wapi?”

Hilo ndilo lililonichoma, kwamba wameandika. Na ni kweli, aliyeandika amesema, na mwenye macho amepewa nafasi ya kusoma. Silipingi hilo, na tangu siku ile nageuza kila kitu, mpaka mwanangu anaona haya kufuatana nami dukani. Lakini aliyeacha uso wa pakiti kama ulivyokuwa akapunguza ubavu anajua vizuri sisi tunaangalia wapi. Mimi nikibadili mizani ya kakao kisha nikabandika karatasi nyuma ya mlango, wakulima hawataniuliza kama niliandika. Watanitoa pale na kiti changu.

Nilikuwa nataka kuyasema yote haya kwa sauti, mbele ya wateja. Mama akanigusa mkono.

“Sasa tumejua,” alisema. “Tutasoma.”

Akaanza hapo hapo. Alichukua sabuni akaigeuza, akachukua biskuti, akachukua chumvi, huku akiziinua kwenye mwanga wa mlangoni. Mwenye duka akamsogezea kiti.

“Dada yangu,” alisema, “ukimaliza kulisoma duka uniambie na mimi ninauza nini.”

Mama alicheka. Ulikuwa muda mrefu sijamsikia akicheka hivyo. Tulipopanda bajaji kurudi, pakiti mbili ziko mapajani mwake, aliniambia bila kunitazama kwamba ule upawa wake nikija tena nije nao.

Haukupita muda tukapata msiba mwingine, wa ndugu upande wa baba. Tulifika mapema. Wale vijana wawili walikuwa tayari kwenye sufuria, maji yameshafika kwenye kibonyeo, na pakiti mbili ziko juu ya jiwe. Mama aliwasalimia, akaichukua pakiti moja, akavaa miwani, akawasomea. Kisha akawaonyesha ile ya zamani, aliyokuja nayo ndani ya kikapu. Wakazigeuza ubavu, wakatazamana. Mwenyekiti alikuja akazishika naye, kisha akasema ndaga fijo, asante sana, mama, kwa sauti ya chini, akaenda mwenyewe kumenya ndizi.

Mama alichota maji akayamwaga pembeni mpaka yakashuka chini ya kibonyeo kiasi cha kiganja chake. Akatia pakiti moja. Alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, nami nikamwekea upawa.

Chai ikawa chai. Yule mzee wa maji ya kuogea alikunywa kikombe, akakirudisha kiongezwe.

Watoto ndio walikuja mwisho, na vikombe vyao vya plastiki. Mwanangu alipofika mbele ya sufuria mama alimwita kwa jina la binamu yake. Nikamtazama mama usoni. Miezi michache nyuma angenyamaza hapo na asingesema neno tena mpaka jioni. Safari hii alimwangalia mtoto, akacheka mpaka upawa ukatikisika.

“Njoo wewe, yeyote uliye,” alisema. “Lete kikombe.”