Siku Nilipomtundika Mgeni wa Ufini kwa Mizani ya Ndengu

Nianze na aibu yenyewe kabla mtu mwingine hajawaambia, maana mji wetu mzima wa Tala wanaijua na wengine wanayo kwa simu: mimi Mwanzia, mtu mzima mwenye ndevu na cheti cha kidato cha nne (nilikipata darasa la usiku nikiwa na miaka thelathini na sita, nikikaa dawati moja na mama aliyekuwa akisuka kiondo wakati wa hesabu na bado akanishinda), niliamini kwa moyo wangu wote kwamba kila mwanafunzi wa ng'ambo akitua hapa nchini hupimwa kilo pale uwanja wa ndege, kilo zake zinaingizwa kwa kompyuta, na wiki ya kwanza ikiisha anapimwa tena kwa siri, na akipatikana amepungua hata robo, ubalozi wao unakuja na gari jeusi kumchukua, na ile nyumba iliyomkaribisha inawekewa alama nyekundu mpaka kwa vitukuu.

Aliyeniambia ni rafiki yangu Kyalo, fundi wa pikipiki. Kyalo ana binamu anayefagia huko uwanja wa ndege, na binamu aliwaona kwa macho yake mawili, wageni wamepanga laini mbele ya mizani kubwa, nyuso zimekunjamana kwa wasiwasi. "Na usimuulize mgeni mwenyewe," Kyalo akanionya, mikono imejaa grisi. "Wao hawaambiwi. Ukimwambia, hiyo ni kama kuiba mtihani." Sasa mimi, mtu aliyesoma usiku kwa taa ya koroboi, ningeanzaje kuiba mtihani?

Kwa nini habari hii ilinihusu? Kwa sababu wiki hiyo hiyo tulikuwa tunapokea mgeni. Kuna chuo huku kwetu kinachowaleta wanafunzi wa nje kusoma Kiswahili na kilimo cha sehemu kame, na kila mwanafunzi anakaa na familia moja. Waliojitokeza kumpokea huyu walikuwa wawili tu: mwalimu mkuu mstaafu, mwenye nyumba ya vigae na choo cha ndani, na sisi, yaani mimi na mwaitu, mama yangu, wenye nyumba ya mabati na choo ambacho lazima uende na fimbo ya kufukuza jogoo. Madam Ndinda, yule anayesimamia wanafunzi wa nje, alitupatia nafasi sisi kwa majaribio. "Jumamosi nitakuja kuona kama ametulia," alisema. "Kama hajatulia, anahamia kwa mwalimu."

Lazima mjue hii ilikuwa na maana gani kwa mwaitu. Tangu dada zangu wote watatu waolewe, mama amekuwa akipikia watu wawili, na mmoja wao ni mimi ambaye nakula kwa hoteli. Sufuria yake kubwa, ile ya kupikia watu kumi muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ilikuwa imegeuzwa juu ya kabati miaka minne. Siku aliposikia tunapata mgeni aliiteremsha, akaisugua kwa jivu tangu asubuhi mpaka jua likaona haya. Nikajiambia, huyu kijana akihama, sufuria itarudi juu, na mama atarudi kunyamaza.

Mgeni aliletwa Jumapili. Jina lake Eero (mwaitu, kama Wakamba wengi wa rika lake, hana habari na herufi r, akamwita Elo na mambo yakaisha). Alikuwa mrefu kama nguzo ya stima na mwembamba kama waya zake. Na Kiswahili, jamani! Kiswahili alichojifunza kwao kilikuwa kimepigwa pasi. Alimpa shikamoo mama, akanipa mimi, akampa Kyalo, akampa na mtoto wa jirani wa miaka sita, ambaye alikimbia kwao akilia.

Tukamwekea muthokoi. Akala wote, sahani ikabaki inang'aa. Sasa kwetu, mgeni akimaliza sahani ni kama amesema bado ana njaa, kwa hivyo mwaitu akaongeza. Akamaliza. Mwaitu akaongeza. Mara ya nne jasho likaanza kumtoka kipajini na mwaitu akaninong'oneza, "Aiya, Mwanzia, huyu mtoto kwao walikuwa hawamlishi."

Nilifurahi mno. Nikajua kwa mwendo huu Jumamosi atakuwa na kilo za ng'ombe. Lakini Jumatatu asubuhi nikasikia lango linalia, nikachungulia, nikamwona Eero anakimbia barabarani, hafukuzwi na mtu, hafukuzwi na mbwa, anakimbia tu! Alirudi baada ya saa nzima amelowa. Nikahesabu kilo mbili zimebaki barabarani. Jumanne akakimbia tena. Jumatano hakukimbia, kwa sababu tumbo lilikataa, akashinda akienda choo na kurudi, na jogoo akachoka kumfukuza. Ile suruali yake mimi naapa ilikuwa imebaki inashikiliwa na mshipi na neema ya Mungu.

Nikaenda kwa Kyalo mbio.

"Mzungu wa urefu ule hutoka kwao na kilo sabini," Kyalo akasema, kama daktari. "Hiyo ni standadi. Akishuka hapo hata robo, buda, umeisha."

Hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo ulionizalia mengine yote. Niliamua kumpima. Alhamisi nilikuwa napeleka gunia la ndengu kwa Mzee Wambua pale sokoni, yeye ni mnunuzi wa nafaka, na mizani yake ni ile ya kuning'inia, ina ndoano chini, imefungwa kwa boriti ya baraza la stoo. Inapima gunia la kilo tisini bila kukohoa. Nikamwambia Eero twende soko. Na kwa vile sikuruhusiwa kumwambia ukweli, nikamwambia (Mungu anisamehe) kwamba ni mila ya Wakamba, mgeni wa heshima hupimwa wiki ya kwanza mbele ya watu.

Macho yake yakawaka. "Kumbe! Sikuisoma popote," akasema, akatoa kijitabu chake. "Je, hupimwa akiwa amesimama?"

"Ndani ya gunia," nikasema.

Tulipofika Mzee Wambua alikuwa na laini ya watu na mazao yao. Akanitazama, akamtazama Eero juu mpaka chini.

"Huyu naye ana unyevu kiasi gani? Mzigo mbichi mimi sinunui."

"Pima tu, mzee, ni dakika moja."

Eero alikuwa ameshavua viatu na kuingia kwenye gunia. "Kaka Mwanzia, gunia lafaa lifike kiunoni au kifuani?"

"Kifuani," nikasema kwa sauti ya mtu anayejua (nilikuwa natunga mila ya kabila zima nikiwa nimesimama). Vijana wawili wakamwinua, kamba ya gunia ikaingia kwa ndoano, na Mfini wa watu akaning'inia pale miguu imekunjwa, kichwa nje, anatabasamu kama mtoto wa kwenye beseni. Soko likaanza kusogea. Bodaboda wakaacha abiria. Simu zikainuliwa.

"Wambua, ukimaliza niuzie huyo," mama mmoja wa nyanya akasema. "Aje anifikie maparachichi ya juu."

"Shosho, hujasikia ni wa kilo?" bodaboda mmoja akamjibu. "Utamlipa na nini, dania?"

Eero akageuka polepole juu ya kamba, akanikabili. "Je, hakuna wimbo?"

Hapo ningesema hakuna. Mtu mwenye akili angesema hakuna. Lakini alikuwa amenitazama kwa imani, basi nikaanzisha wimbo tuliokuwa tukiimba zamani tukipalilia shamba, na akina mama wa Kikamba hawawezi kuona wimbo umeanguka chini wasiuokote, wakaupokea, mabega yakaanza kutikisika, filimbi ikalia sijui ilitoka wapi, na katikati ya hayo yote Mzee Wambua akapaza sauti yake ya kusoma mizani inayosikika mpaka Kangundo:

"Sitini na mojaaa!"

Nikauacha wimbo pale pale. Sitini na moja! Nikaona gari jeusi. Nikaona sufuria inapanda kabatini. Na bila kufikiri nikapiga kelele, "Haiwezekani! Pima tena! Hii mizani yako inaiba!"

Ndugu zangu, kuna maneno huwezi kumwambia mnunuzi wa nafaka mbele ya wakulima. Baraza zima likalipuka.

"Hata mimi nimesema kila mwaka!" mzee mmoja akafoka. "Gunia langu nyumbani ni tisini, kwa Wambua ni themanini na mbili!"

"Zangu alizikula kilo sita!"

"Rudisha ndengu zetu!"

Watu wakamzunguka Wambua, vidole vikiruka, nyanya zikakanyagwa, na kila aliyesukumwa alimgonga Eero, kwa hivyo akawa anazunguka, mara anatazama stoo, mara anatazama barabara, na kila akipita upande wangu ananiuliza, "Hii pia ni sehemu ya mila?"

Nikapenya nimshushe. Wambua akasimama mbele ya ndoano, mikono kiunoni.

"Hashuki! Hashuki huyu mpaka useme mbele ya hawa watu mizani yangu ni nzuri!"

Na ndipo umati ukaachana kidogo, na pale katikati, na mfuko wa sukumawiki mkononi, akasimama Madam Ndinda.

"Mwanzia," akasema taratibu. "Nani huyo kwa ndoano?"

Eero alikuwa amezunguka na kumwona. "Shikamoo, Madam! Leo ninapimwa kwa mila ya Wakamba! Je, wewe ulipimwa ukiwa na umri gani?"

Madam Ndinda ni Mkamba, baba Mkamba, mama Mkamba. Alinitazama mpaka nikahisi kile cheti changu cha usiku kinafutika wino.

"Hii ni... hii ni ya huku Tala tu, Madam," nikasema.

"Tala gani?" Bibi mmoja mzee mwenye kapu la ndengu akainuka kutoka alipokuwa ameketi. "Mimi nimezaliwa hapo nyuma ya posho mili. Sisi tunatundika mbuzi. Na hata mbuzi anakuwa amekufa."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Wambua peke yake hakucheka. Kwa hivyo ilinibidi nipande juu ya debe, mbele ya Madam, mbele ya zile simu, nitangaze mara tatu kwamba mizani ya Mzee Wambua ni ya haki, wakulima wakinizomea kama msaliti, na kila nikitangaza nilikuwa nakiri kwa kinywa changu kwamba mgeni wetu kweli ana kilo sitini na moja. Eero akashushwa. Madam akasema tu, "Tutaonana Jumamosi."

Habari zilifika nyumbani kabla yetu. Mwaitu hakunipiga wala hakunitukana, ambalo ni jambo baya zaidi. Aliwapakulia watu, akawapakulia kuku, kisha akanikumbuka mimi.

Jumamosi Madam akaja. Tukaketi nje, mwaitu ameshika mfuniko wa ile sufuria mapajani kama kitambulisho. Madam akamuuliza Eero, kwa upole, ametulia au hajatulia, aseme tu bila woga.

Eero akafungua kijitabu. "Nina swali moja ambalo limenisumbua. Kwetu kuacha chakula kwenye sahani ni kumdharau aliyepika. Hapa kila nikimaliza, sahani inajaa. Jumanne niliogopa nitakufa. Naomba kujua, mama, sahani huisha lini?"

Mwaitu akamkodolea macho. Kisha mabega yakaanza kutetemeka, akafunika uso na leso, nikadhani analia, kumbe ni kicheko, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu harusi ya dada yangu wa mwisho. "Mwanangu Elo! Si uache kidogo! Ukiacha kidogo tunajua umeshiba!"

Eero akaandika hilo, akalipigia mstari mara mbili.

"Kwa hivyo unataka kuhama?" Madam akauliza.

Mfuniko ukatulia. 

"Hapana," Eero akasema. "Jumatatu mama atanifundisha kutwanga mahindi ya muthokoi. Siwezi kuhama kabla ya Jumatatu."

"Na baada ya Jumatatu?"

Akafikiri. "Baada ya Jumatatu kuna Jumanne."

Mwaitu akainuka papo hapo akaenda jikoni, akisema moshi umemwingia machoni, na moto ulikuwa haujawashwa.

Madam akanigeukia. "Sasa wewe. Gunia lilikuwa la nini?" Nikaeleza yote, binamu mwenye ufagio, laini, mizani, kompyuta, ubalozi, gari jeusi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia ujinga wangu unazidi kunenepa (huo haukuhitaji muthokoi), na nikaapa mbele yao, na leo naapa mbele yenu, kwamba habari yoyote ya Kyalo nitaiacha gereji kwake, na sitatunga mila tena, hata mila ndogo, hata nikibembelezwa.

Eero alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Akafunga kijitabu, akaniwekea mkono begani.

"Kaka Mwanzia," akasema, "pale uwanja wa ndege wanapima mabegi."