Baba Aliyeambiwa Ndiyo

Juma lililopita dereva wa lori kutoka Kabambare aliniletea habari kwamba yule kapita wa pamba, aliyekuwa jirani yangu hapa Kasongo, amefariki. Tangu hapo situlii. Nakaa kuandika, nainuka, nakaa tena. Hatukuwa marafiki wa kushibana, lakini kuna safari moja niliyofuatana naye ambayo hainiachi.

Kazi yake ilikuwa kusimamia mashamba ya pamba ambayo serikali inatulazimisha kulima. Kutwa aliwauliza watu maswali yenye jibu moja tu: umepalilia? umechoma mabua? Jioni aliingia nayo nyumbani. Binti yake, msichana wa miaka kama kumi na mitano, aliulizwa vivyo hivyo: maji yamechotwa? mihogo imetwangwa? Akajibu, "Ndiyo, baba," akaenda zake jikoni. Kapita hakuwa katili, wala hakumpiga. Aliamini tu kwamba nyumba isiyo na mabishano ina mapatano.

Wakaja watu kutoka Wamaza kumposa binti. Baba akamwita, akamwuliza kama amekubali. "Ndiyo, baba." Mbuzi wa mahari wakapokewa. Kesho yake binti hakuonekana, na baadaye tukasikia yuko Nyangwe kwa shangazi yake. Mimi nilikuwa naenda huko kununua samaki, kapita akaomba tufuatane. Sehemu kubwa ya njia aliisukuma baiskeli bila kuipanda, akisema peke yake.

Tulipokaribia ua wa dada yake tulisikia sauti ya msichana. Alikuwa akiparua samaki huku akisimulia kisa kirefu na kuiga sauti za watu, na shangazi akicheka mpaka kukohoa. Kapita alisimama nje ya ua.

"Huyu anayesema ni nani?" akaninong'oneza.

Nikamwambia ni mtoto wake.

Tulipoingia, kisa kikakatika. "Ulisema ndiyo," baba akaanza. "Sasa unakimbia juu ya nini?"

Binti hakuinua macho. "Baba, kwako jibu ingine iko?"

Nilidhani atafoka. Akavuta kigoda, akakaa. Shangazi akamsogezea samaki na kisu, naye akaanza kuparua, vibaya, magamba yakimrukia kwenye shati. Kisha akauliza, "Wewe unataka nini?" Kungoja kulimtesa, akawa anaparua samaki yule yule mara ya pili. Mwishowe binti akasema hataki kuolewa sasa, anataka kujifunza kushona kwa masista.

"Nimesikia," akasema baba. Mbuzi wakarudishwa Wamaza, na aibu akaimeza.

Ningependa kuandika kwamba tangu siku hiyo walipendana kwa maneno. Nilipopanda lori kwenda matangani Kabambare, alikokuwa amehamia, nilimkuta binti, sasa mama wa watoto, nikamwuliza kama ilikuwa hivyo. Akafikiri kwanza. "Alijikaza sana. Alikuwa anakuja kwangu, anauliza, anangoja. Lakini miye nilikuwa nimekwisha kuzoea kunyamaza."

Maneno hayo ndiyo yanayoniinua kitini. Tunaamriwa shambani, tunaamriwa barabarani, tunaamriwa ofisini, na amri hizo tunazibeba mpaka mezani kwetu, tukidhani ndiyo malezi. Yule marehemu aliligundua hilo mapema kuliko wengi wetu, na bado alichelewa. Wewe mwenye binti au kijana anayekujibu kwa neno moja, muulize leo jambo ambalo hujui atajibu nini, kisha uvumilie kungoja.