Bomba la kauri lilivumilia nyuzi 1350, likauawa na kitambaa kibichi

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za kazi. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Songea, sijaongeza chumvi, na bado nina hasira. Mnivumilie.

Mimi ni fundi kwenye maabara ndogo ya kupima makaa ya mawe. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi huu. Meneja alishasema: mkaguzi akitupitisha, naongezewa. Tukifeli, mkataba wangu unaishia hapo.

Kupima salfa, tunachoma unga wa makaa ndani ya bomba jeupe la kauri ya alumina lililopita katikati ya tanuru. Nyuzi 1350 hivi! Chuma kingelegea huko. Hili halilegei, halishiki kutu, gesi ya salfa hailifanyi kitu, umeme haupiti. Hata ile kauri nyeupe kwenye plagi ya bodaboda ni alumina hiyo hiyo.

Sifa zote hizo nilimmwagia mama Sesilia, anayetufanyia usafi. Kila siku, "Mama, hili halishindwi na kitu." Mdomo wangu huu!

Sasa mnajua mambo yetu mgeni akitarajiwa. Kila kitu kinapigwa deki, hadi mawe ya getini yanapakwa chokaa.

Asubuhi ya ukaguzi nilifanya jaribio la mwisho, nikaacha tanuru lipoe polepole, nikakimbia nyumbani Mfaranyaki kubadili shati.

Kurudi, nakuta mama Sesilia na ndoo, kitambaa kinachuruzika maji. Ncha ya bomba inayotokeza nje ilikuwa na masizi, akaona ni aibu mgeni aikute vile. Bado ilikuwa ya moto. Akaifuta. Ta! Ufa kutoka mdomoni hadi ndani.

"Mama, umefanya nini?"

"Baba, si wewe ulisema halishindwi na kitu?"

Ni kweli nilisema. Kauri hii moto inauvumilia, kinachoiua ni kubadilishiwa joto ghafla. Hilo sikuwahi kumwambia, maana halinogi kwenye majigambo.

Bomba la akiba? Niliomba weee, najibiwa, "Hilo lililopo lina shida gani?"

Mkaguzi akatazama ufa, akafunga daftari. Hata chai hakumaliza.

Meneja akanipa karatasi: andika aliyevunja. Akasema waziwazi, nikiandika mama Sesilia atanitetea, mkataba nitapata. Wakuu, nilitokwa jasho na baridi yote hii ya Songea! Mwisho nikaandika: "Sikumfundisha. Kosa ni langu."

Ijumaa nimekabidhi funguo.

Somo: ukimsifia mtu kifaa, mwambie na udhaifu wake siku hiyo hiyo. Wa viwandani, nanyi leteni yenu, tupunguze machungu.

Ila kwanza nisaidieni hili. Mama Sesilia bado yuko kazini, na karatasi ile haijui. Jana kanipigia: "Baba, mbona huonekani, unaumwa?"

Nimjibu nini?